Gari la Viti Vitano

Alhamisi, wiki ya tatu ya muhula. Manyunyu tangu alfajiri, na Kamwokya yote inanuka matope na makaa yaliyolowa.

Leo nimenunua gari. Nilidhani siku nitakayoandika maneno hayo nitakuwa nacheka. Badala yake nimekaa kwenye kochi, ufunguo uko mezani, na sina hamu hata ya chai.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni Mkenya, mzaliwa wa Kitale, niliolewa hapa Kampala na Muganda. Mume wangu, Baba Tendo, alikufa mwaka jana akiwa nyuma ya bodaboda, akitoka kazini kwenye duka la spea kule Nakivubo. Lori liliwagonga kwa nyuma. Dereva wa boda alivunjika mguu. Wangu hakufika hospitali. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichokuja nacho, na kwa sababu mashemeji zangu hawakisomi.

Tangu siku hiyo kila asubuhi kwangu ni adhabu. Wanangu watatu, Tendo, Yona na Keziah, huenda shule kwa boda moja. Hapa mjini hilo si jambo la kushangaza mtu, watoto watatu wamebanwa baina ya dereva na mabegi, mdogo amekalia tangi la mafuta. Mimi husimama kwenye kona nikiwatazama mpaka wapotee, kisha naenda kukaa kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi ninakofanya kazi. Simu ikiita, natazama kwanza kama ni namba ya shule. Ndiyo sababu nilitaka gari. Sikutaka fahari, nilitaka bati likae kati ya wanangu na lori.

Pesa nilikuwa nayo, lakini si ya kutamba. Kiinua mgongo kidogo alichoacha, pamoja na mabugo, yaani ile rambirambi ambayo watu huku huleta msibani. Niliiweka benki na sikuigusa, hata shuka sikununua.

Nilipotangaza kwamba natafuta gari, kila mtu aligeuka fundi. Mchungaji alisema injini ndogo. Mwenzangu wa kaunta alisema injini ndogo. Jirani yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata toroli, alinihutubia nusu saa juu ya giaboksi. Wote walikubaliana: mjane mwenye watoto watatu anunue kagari kadogo ka viti vitano, kasikobugia mafuta kwenye foleni. Niliitikia kwa kichwa. Walidhani nawasikiliza.

Sasa niseme ambalo sijalisema popote.

Siku ya mazishi, huko kijijini kwao, mzee wa ukoo alisimama kumwelezea marehemu. Akamwita Ssalongo. Kwa Waganda hilo ni jina la heshima la mwanamume aliyezaa mapacha, na hapewi mtu mwingine. Mimi nimemzalia watoto watatu, mmojammoja. Nikafikiri mzee amezeeka, amechanganya msiba huu na mwingine. Nilitaka hata kumnong'oneza shemeji yangu amrekebishe. Kisha wakaja wasichana wawili wenye magauni ya kufanana, wakashikwa mkono, wakatupa udongo kaburini. Babirye na Nakato. Umri wao uko katikati ya Yona na Keziah. Masikio yale ya kutokeza pembeni nilikuwa nimelala nayo mto mmoja miaka yote hiyo.

Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

Mama yao yuko Uarabuni, anafanya kazi za ndani, na simu yake imekuwa haipatikani kwa muda mrefu. Wanaishi Kibuli na bibi yao, chini kidogo ya msikiti. Mwezi uliopita shemeji yangu Kizito, mdogo wa marehemu, alikuja hapa nyumbani. Alikunywa chai, akasifu pazia, akazunguka mbuyu mpaka chai ikapoa. Mwishowe akasema miguu ya yule bibi imevimba, hawezi tena kuwatunza, na ukoo unaomba nikae na wale mapacha. Ukoo utasaidia ada. Hakunilazimisha. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniudhi. Nikamjibu kwamba ninunue gari kwanza, ndipo tuone kama watoto wote wataenea.

Baada ya yeye kuondoka nilihesabu. Gari la viti vitano: mimi, wanangu watatu, kinabaki kiti kimoja. Mapacha hawatenganishwi, hilo hata mgeni kama mimi analijua. Hesabu ikanipendeza. Nililala usingizi mzuri usiku ule, na naona aibu kuiandika sentensi hii.

Kwa hiyo nilipokuwa nasema "mafuta, mafuta, mafuta," nilikuwa natafuta gari litakalonisaidia kusema hapana.

Leo niliomba ruhusa kazini, nikaenda na fundi Siraji. Ni mtu mzima, alijifunza Kiswahili akitengeneza malori ya jeshi baada ya vita vya themanini na sita. Alikuwa mteja wa Baba Tendo dukani, na namwamini kwa sababu hapokei kitu kutoka kwa muuzaji. Huku mafundi wengi hukusindikiza wewe na kulipwa na yule.

Kagari kadogo kalikuwa uani kwa mwalimu mmoja mstaafu. Rangi imefifia juu, kioo cha nyuma kina ufa mdogo. Siraji aligusa boneti kwanza kuhakikisha injini ni baridi, maana wauzaji huipasha moto asubuhi ili isikohoe mbele ya mnunuzi. Ilikuwa baridi. Akaiwasha, ikaitika mara moja. Aliinua zulia la buti kutafuta alama za kuchomelea, akaweka kiganja kwenye ekzosi akakinusa. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akaingia kiti cha nyuma, akafunga mlango, akakaa kimya.

"Mama Tendo, gari ya familia hautazamie mbele," alisema alipotoka. "Tazamia nyuma, pahali watoto itakaa."

Nikamwambia nyuma panatosha.

Tukaenda kuona la pili. Nililiweka kwenye orodha ili nikiulizwa niseme nililiona. Viti saba, la zamani kuliko lile dogo, bei ileile kwa sababu watu wanakimbia mafuta yake. Niliomba Mungu liwe bovu. Siraji alilikagua kwa muda mrefu zaidi ya la kwanza, mpaka akalala chini yake kwenye matope. Aliinuka akipangusa mikono.

"Hii inakunywa, siwezi danganya wewe. Lakini injini yake bado nguvu. Ssalongo alikuwa anataka kama hii."

Ssalongo. Kwa hiyo Siraji naye alijua.

Nikamuuliza lini. Akasema mwaka ule mwingine, kabla ya ajali. Baba Tendo alimwendea gereji mara tatu, akimtuma atafute gari la viti saba la bei nafuu. Siraji alimshauri achukue dogo, kama wanavyonishauri mimi wote. Akakataa.

"Alisema, sisi tuko saba."

Fundi wa watu aliyasema hayo akifikiri ananifariji. Niligeuka nikajifanya nasoma tarehe kwenye tairi. Miaka yote mwanamume yule alikuwa hawezi kunitazama usoni aniambie, akaona bora anunue viti kwanza, maneno yatafuata. Nilimkasirikia. Nilimkumbuka pia. Kama angekuwa hai ningemtoa nyumbani na sanduku lake, na jioni ningetoka kumtafuta. Sijui huzuni ya aina hii inaitwaje. Katika misiba ya kwetu hakuna wimbo wake.

Ningeweza kulimudu lile la viti saba. Naliandika hili waziwazi. Ningebana, ningeliacha nyumbani siku za Jumamosi, ningeenda kazini kwa miguu kutoka shuleni kwao. Ningeweza.

Nililipa lile dogo.

Siraji alihesabu karatasi za mwalimu, akahakikisha kadi ya gari ina jina lake, akaniambia nikalijaribu mlimani kabla ya jua kuzama ili kasoro ikiwapo turudi leoleo. Nikiwa bado uani kwa mwalimu nikampigia Kizito. Nikamwambia nimepata gari, ni dogo, nafasi haitoshi. "Kale, mulamu," akasema, yaani haya, shemeji. "Umejaribu." Sijajaribu chochote, na nadhani anajua.

Kampala ina vilima tele. Kololo iko hapa mlangoni kwangu, ningepanda na kushuka mara kumi. Mimi nikaenda Kibuli. Nilijiambia ni kwa sababu mteremko wake ni mkali.

Gari lilipanda vizuri. Nilijifunzia kuendesha kwenye pikapu ya maziwa ya mjomba, kwa hiyo gia hazinisumbui. Ilikuwa saa kumi na moja, shule zinatoka, manyunyu yamerudi. Mbele yangu bodaboda ilitoka kwenye lango la shule ikiwa na wasichana wawili wenye sare, peke yao na dereva. Wa nyuma amemkumbatia mwenzake kiunoni, shavu limelala mgongoni kwake. Hawana kofia za chuma. Hawana hata koti. Sikuhitaji kuona sura zao, niliona masikio.

Nyuma yangu lori la mchanga lilikuwa linapiga honi nipishe.

Sikupisha. Nilikaa katikati ya barabara, nyuma ya ile boda, kwa mwendo wake, wipa zikikwaruza kioo. Lori lilipiga honi, matatu mbili, zile ambazo huku huitwa taksi, zikanipita zikinitukana. Boda ikisimama nasimama. Ikikwepa shimo nalikwepa. Tulikwenda hivyo mpaka kwenye kichochoro cha bibi yao, na nikawatazama wakishuka, mmoja akimpa mwenzake begi lake amshikie avuke mtaro. Mmoja aligeuka akalitazama gari. Hanijui kwa gari hili. Nikarudi kinyumenyume mpaka barabara kuu, nikaja nyumbani.

Wanangu walikuwa wamesharudi na boda yao. Walilizunguka gari wakipiga kelele, Keziah akabusu taa. Kesho nitawapeleka mimi, watakuwa wakavu, milango imefungwa. Nimepata nilichokitaka.

Namba ya Kizito iko hapa mbele yangu na sijaipiga tena. Mwalimu alisema nikijuta ndani ya siku mbili atanirudishia pesa, na lile la viti saba halina mnunuzi. Yote hayo nayajua. Ninalolijua zaidi ni kwamba kesho ni Ijumaa, siku ya shule, na wale wawili watapanda boda asubuhi.

Nani atakuwa nyuma yao?