Mumba Alinililia

Elisabethville, 14 Juni 1954

Mama yangu mpendwa,

Ninakusalimu kwa heshima zote za mtoto, na ninaomba barua hii ikukute ukiwa na nguvu. Magoti yanaendeleaje na baridi hii? Kwetu Honorine ni mzima, watoto ni wazima, na mimi mwenyewe ni mzima. Neno hili la mwisho ninamwomba Baba mdogo Pierre, anayekusomea, alirudie.

Alifika juzi na sanda mkononi, akanikuta barazani ninakula bukari. Alikaa chini bila kunisalimu, akaomba maji. Kisha akanieleza kwamba huko Kasenga mmenililia, na kwamba wewe umenyoa nywele. Mama, niliposikia hilo niliacha chakula, nikatafuta karatasi. Ndiyo maana ninakueleza yote kwa mkono wangu, usije ukafikiri Baba mdogo anakudanganya ili utulie.

Kazi yangu unaijua: mimi ni kapita wa kusimamia wafanyakazi kwenye mabwawa ambako maji machafu ya mji yanasafishwa kabla ya kurudishwa mtoni. Nina watu wangu, na pompi za kuvuta maji zinazodeka kuliko bibi harusi. Wiki iliyopita moja ilikabwa na matambara. Tungeiacha, maji yangerudi nyuma mpaka kwenye nyumba za watu. Tulifungua shimo lake lipate hewa, tukashusha taa kwa kamba. Taa haikuzimika, ishara kwamba hewa ni salama, nikashuka mwenyewe, kwa sababu simtumi mtu mahali ninapoogopa. Lakini nilipovuta matambara, tope likatoa hewa mbaya iliyokuwa imejificha chini. Nikazimia. Watu wangu wawili, Mumba na Kunda, wakanivuta juu kama gunia.

Mumba ni yule wa ukoo wa mbuzi. Sisi wa chui na wao ni watani tangu mababu, basi kila asubuhi ananitukana mbele ya wafanyakazi wote, na mimi kapita wake sina ruhusa ya kukasirika. Kunda alipokimbia kumwita infirmier wa zahanati, Mumba alinitazama, akakata shauri kwamba nimekufa, akaanza kazi ya mtani kwenye kilio. Alinivua viatu, akavivaa yeye. Akanifunika koti lake, akaanza kulia kwa sauti. Wakati huo Chileshe, dereva wa lori la samaki, alikuwa anapita kurudi Kasenga. Aliona miguu yangu mitupu, akamwona mtani amevaa viatu vyangu. Angeuliza nini zaidi? Akaondoa lori mbio kuja kwenu.

Sasa Baba mdogo asome polepole. Mama, lori lile nililisikia likisimama, na nililisikia likiondoka. Nilikuwa nimezinduka. Ningeweza kumwita Chileshe. Sikufumbua macho, kwa sababu Mumba alikuwa ameacha matusi, na alikuwa anasema:

"We Chui, unaniacha na nani? Bantu ya mu muji banatufungiaka pua juu ya harufu. We, siku ya kwanza, ulinipatia mukono, na mi nilikuwa bado hayanawa. Sitaki viatu yako. Nataka weye."

Tangu Baba alipofariki hakuna mtu aliyeniambia maneno kama yale. Sikutaka anyamaze. Nilipofumbua macho alinitukana mpaka sauti ikamkauka, na viatu amekataa kurudisha. Anasema kilio kilikuwa halali.

Lakini wewe umenyoa kwa sababu ya utamu niliokuwa ninausikia pale chini, na hilo linaniuma sana. Nisamehe, Mama. Honorine anakutumia kitambaa cha kichwa, chenye joto, mpaka nywele ziote.

Nimepewa ruhusa ya kuja mwezi wa nane. Baba mdogo anasema ulilia mchana kutwa ukisema mambo mengi juu yangu, ila yeye hakuyashika kwa uchungu wake. Ninakusihi, usiyaweke mpaka siku ya kilio cha kweli. Nitakaa karibu nawe kwenye mkeka, uniambie yote tangu mwanzo. Safari hii nitakuitikia.

Wasalimie shangazi zangu na majirani wote walionililia. Waambie machozi yao nimeyapokea. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Mwanao aliye hai,
Donat Mukuka