Kinyago cha Buluu cha Marehemu Innocent

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Kituo kidogo cha polisi, Mlali
Tarehe: 14/06/2025, saa 3:10 asubuhi
Jina: Veronika Tomasi Mloka
Umri: Miaka 76 kwa cheti cha ubatizo. Mwenyewe anasema cheti kimempunguzia.
Kazi: Mkulima wa kabichi na njegere
Makazi: Kitongoji cha Mgola Juu
Elimu: Hakusoma

Mimi ndiye Veronika. Afande Shadia amenionya kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimemjibu kwamba kwa goti hili nisingeteremka mlima mzima kuja kusema uongo, ningeusemea nyumbani nimekaa. Nimemwomba ayaandike maneno yangu yanavyotoka, naye amekubali.

Deogratias, mlalamikaji, ana miaka 37. Ni mtoto wa binti yangu Martina. Marehemu Innocent alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Mwinjuma, mliyemweka mahabusu tangu jana, ni mtani wetu. Nawapenda wote watatu, na aliyefanya ujinga ni mmoja tu, na huyo hayuko mahabusu.

Mwaka wa mvua za Elinino nyumba yetu ilibebwa na maporomoko. Masista wa misheni walitugawia nguo kutoka kwenye robota la mitumba. Ndani ya robota mlikuwa na vitu vya plastiki vya watoto wa Ulaya: kinyago cha buluu, ngao ya kifua, mkanda na glovu mbili ngumu. Sista alisema ni mavazi ya shujaa fulani wa sinema anayerusha radi. Sisi sinema hatukuijua. Wale wajukuu wawili walivivaa mpaka shambani. Mmoja akivaa kinyago, mwingine anavaa glovu, wanapigana na kabichi zangu. Niliwachapa wote wawili.

Baada ya mwaka mmoja baba yao alimchukua Deogratias kwenda naye Dar es Salaam. Innocent alibaki na mimi. Vile vitu vilipotea kimoja kimoja, kama vitu vya watoto vinavyopotea.

Deogratias sasa ni fundi wa majokofu. Ana mke na watoto wawili. Miaka minne iliyopita alianza kuvitafuta vile vitu. Sizungumzii vifananavyo. Anataka vilevile, vya kiwanda kilekile, vya mwaka uleule. Mimi nilitaka sana kuelewa, maana jambo nisiloelewa linaninyima usingizi. Nikamwuliza:

"Deo, unawanunulia wanao?"

"Hapana, Bibi. Wao hawavigusi."

"Basi unaviuza?"

"Siviuzi."

"Unavivaa?"

Akacheka. "Bibi, kichwa hiki kitaingia wapi?"

Lakini sikuacha kujiuliza. Mtu mzima, mwenye ndevu, anazunguka mkoa mzima kutafuta mchezo wa mtoto.

Ngao ya kifua aliipata Mkuyuni kwa mama mmoja, Mwaisha, aliyekuwa akiitumia kufunika mtungi wa maji. Deogratias alimpa mfuniko mpya wa bati, na yule mama akamwombea dua akidhani akili zake hazijatulia. Mkanda aliupata Turiani, kifuko chake kimetiwa mbegu za bamia. Glovu zilitoka mnadani, kila moja siku yake. Vyote anavitunza kwenye sanduku la chuma lenye sponji, na sponji ameikata kwa umbo la kila kitu. Mwaka jana alinifungulia nikaona. Niliruhusiwa kuvaa glovu moja. Nilibonyeza kitufe, ikawaka taa na ikasema maneno kwa sauti ya mwanamume. Niliitupa, Deogratias nusura alie. Katikati ya sanduku palikuwa na nafasi tupu ya kinyago. Alisema hicho amekitafuta mpaka kwenye simu, kwa watu wa nchi za mbali, hakuna.

Mimi sikujua kwamba kinyago chenyewe kilikuwa hatua ishirini kutoka kwangu. Innocent alikuwa nacho siku zote. Alikitundika jikoni kwake, juu ya moto, nyuma ya ungo. Kwa nini hakumwambia kaka yake, sijui. Nilitamani nimwulize.

Mnamo tarehe 10 Juni 2025, Innocent alifariki kwa homa ya mapafu. Alikuwa na miaka 35. Hapo sitaongeza neno.

Mnamo tarehe 12 Juni, siku ya Alhamisi, tulimzika. Saa mimi siisomi, lakini kengele ya mchana ya misheni ilikuwa imelia kabla hatujatoka nyumbani. Nilipokuwa natafuta ungo jikoni kwa marehemu nikakiona kinyago. Kilikuwa na masizi, buluu imebaki kwenye mashavu tu. Nikampelekea Deogratias. Alikishika kwa mikono miwili, akakigeuza, akanusa ndani.

"Unanusa nini?" nikamwuliza.

"Moshi wa jikoni, Bibi."

Nilikuwa sijamwona analia tangu siku aliyopakiwa kwenye gari la baba yake. Hata msibani alikuwa hajalia. Hapo alilia.

Tulifika makaburini. Kaburi lilichimbwa na Mwinjuma na wenzake, kwa kuwa kwetu mtani ndiye anayezika. Afande Shadia amekulia Kigoma, ameniuliza utani wetu ukoje. Nimemweleza hivi: sisi Waluguru tuna ukoo wa upande wa mama, na ukoo wetu na wa kina Mwinjuma ni watani toka mababu. Msiba ukiwa kwetu, wao wanachimba, wanafukia, na wanatutukana. Mtani anaweza kuchukua chochote cha marehemu, jembe, kofia, sufuria, na hakirudi mpaka kikombolewe. Hakuna anayekasirika. Mtani akija kimya, ndipo amekutukana kweli. Mume wangu alipofariki, huyuhuyu Mwinjuma alivaa kanzu ya marehemu akaniomba nimpikie ugali. Nilikuwa sijala siku mbili. Siku hiyo nilikula.

Kabla mwili haujashushwa, Mwinjuma alimnyang'anya Deogratias kinyago mkononi. Akakivaa, akaruka kaburini, akalala chali. Akaita:

"Mimi ndiye Innocent! Sihami humu! Nani kaiba mbolea yangu? Ni huyu bibi kizee aliyekataa kufa, ananitanguliza mimi!"

Mimi nikamjibu, "Toka humo, mwizi wa kuku, utamwachia mjukuu wangu chawa!"

Watu walicheka. Martina, mama wa marehemu, aliyekuwa ameshikiliwa na wanawake wawili, alicheka hadi akakaa chini. Hilo naomba liandikwe vizuri. Mama yake alicheka.

Deogratias hakucheka. Aliruka kaburini akamkaba Mwinjuma shati. Alisema, "Kivue! Utakipasua! Unajua nimekitafuta miaka mingapi?" Vijana wakawatenganisha. Mwinjuma alitoka kaburini nacho kichwani, akasema, "Mtaniletea jogoo. Bila jogoo, sura hii ni yangu." Akamaliza kazi yake yote ya kuzika, akaondoka nacho.

Deogratias alichukua bodaboda akashuka hapa kituoni. Alisema ameibiwa na amedhalilishiwa ndugu yake. Naambiwa alitoa na picha ya kinyago kwenye simu. Jana asubuhi mlimchukua Mwinjuma akiwa shambani, ana tope miguuni. Ana miaka 68.

Nasema wazi: Mwinjuma hakuiba. Kosa ni letu. Mtoto alichukuliwa ana miaka kumi, tukampelekea mahindi na njegere kila mwaka huko Dar, tukasahau kumfundisha nani atamzika. Jana usiku nilimwambia, "Deo, unajua uliyemfunga ni nani? Huyo na wanawe ndio wenye kuchimba kaburi lako, na langu kabla ya lako. Ukimpeleka mahakamani, ukoo wao hautakanyaga tena kwetu. Mimi nitalazwa wapi, kwenye sanduku lako la sponji?" Aliniuliza jambo moja: Innocent angecheka? Nikamwambia Innocent alikuwa anaiga sauti ya Mwinjuma kila Jumapili, na Mwinjuma alikuwa anamtishia kumzika kichwa chini. Akaniuliza mengine, na mengine, mpaka tukaenda kulala. Sijui ameamua nini. Tumeshuka wote asubuhi hii, amekaa nje hapo kwenye benchi.

Kuhusu hivyo vitu vyake, nimeulizwa kama vina thamani. Sijui. Mwanzoni nilidhani anatafuta plastiki. Siku ile alipokinusa kinyago ndipo nilipoanza kuelewa kidogo, na bado namwuliza.

Niliyoyaona kwa macho yangu ni hayo, na niliyoyasema ni yangu mwenyewe, hakuna aliyenituma. Nimesomewa, nimeyakubali. Pale palipoandikwa "kikongwe" nimesema pafutwe paandikwe "bibi kizee", ndivyo alivyonitukana.

Alama ya dole gumba la kulia: V. T. Mloka

MAONI YA ASKARI

Maelezo yameandikwa nami, Koplo Shadia, kwa Kiswahili, nikamsomea shahidi kwa sauti. Ameyathibitisha.

Saa 4:25 asubuhi mlalamikaji ameingia ofisini akaomba kuondoa lalamiko lake. Mtuhumiwa ameachiwa, lakini amekataa kutoka mahabusu kabla kinyago hakijakombolewa. Mlalamikaji ametoka, akarudi baada ya nusu saa na jogoo. Mtuhumiwa amempapasa jogoo kifuani, akasema amekonda, ameletewa ndege aliyelazwa kwenye barafu na fundi majokofu. Mlalamikaji amefikiri kidogo, kisha akamjibu kwa maneno kuhusu meno ya mtuhumiwa ambayo sikuona sababu ya kuyaweka kwenye jalada. Shahidi amepiga vigelegele. Nimewaomba wote wapunguze sauti.

Kinyago, plastiki, buluu, kimoja, kilichoshikwa jana kama kielelezo, kimekabidhiwa kwa mlalamikaji saa 5:10. Mtuhumiwa amemwonyesha jinsi ya kukivaa.