Guka alipofungwa Ruiru

Warigia, Ngai! Nimecheka mpaka mbavu zinaniuma. Shosho, bibi kizee wetu, ametoboa siri ya mumewe, babu yetu guka, mbele ya pasta!

Ni 1954, wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, watu wakifungwa ovyo. Asubuhi baada ya usiku wao wa kwanza wa ndoa, guka akashindwa kukojoa. Anasukuma, wapi! Kwa aibu akaruka kliniki ya Thika anakojulikana, akaenda ya Ruiru.

Akamwambia daktari, "Nimefungwa." NIMEFUNGWA, Warigia! Imajensi!

Askari wa mlangoni akasikia, akadhani ni mfungwa. "Umetoroka jela gani?"

"Hapana afande, ni bibi yangu amenifunga!"

Akaelekezewa bunduki. Huo mkojo sasa! Ukalowesha buti zote mbili za askari, na guka mikono juu, anapiga kelele kwa furaha, "Nimefunguliwa!"

Shosho alipofika hapo, pasta akaitikia, "Amina!"