Visu vya Mhunzi wa Kaole

Dija, mume wangu Muhidini karudi kutoka Kaole mikono mitupu. Kisu hakupata.

Alikwenda kwa mhunzi kutafuta kisu cha kuchunia paa, kifupi, cha chuma kigumu kisichopoteza makali kwenye mfupa. Mhunzi akamwambia, "Vimekwisha vyote, hata virefu."

Vyote, Dija. Na tangu Wadachi wapandishe bendera yao hapa mjini, nani ana moyo wa kuwinda?

Kila mnunuzi hujaribu makali kwa kunyoa vinyweleo vya mkono. "Hawa hawakujaribu," mhunzi akasema. "Waliuliza tu kama ncha itapenya nguo."

Nguo. Paa gani huvaa nguo?

Muhidini akauliza ni akina nani. Mhunzi akainamia moto wake. "Wa kwanza kuchagua alikuwa shemeji yako."

Kaka yangu, Dija. Asiyeweza kuchinja hata kuku.