Saini ya Profesa

Mwende mjukuu wangu,

Hapa Mwala tuko. Mguu wa mama yako umepata nafuu, lakini mahindi yamekauka tena na mimi nimechoka kuangalia mawingu.

Umeniuliza kama uendelee kuandika utafiti wako huko Khartoum, na chuo kimefungwa kwa vita.

Nikiwa msichana nilikuwa karani wa taipu katika chuo kimoja Kampala, na huko pia kulikuwa na vita. Profesa wangu alichunguza magonjwa ya mihogo. Hata risasi zikilia, yeye alinisomea na mimi nikapiga taipu. Siku moja askari wakamchukua.

Baadaye jarida moja la ng'ambo likamwandikia: makala yake yamekubaliwa, arekebishe jedwali moja tu. Daftari lake nilikuwa nalo. Nikarekebisha, nikatia saini yake, maana barua zake zote nilizoea kumsainia. Niliona vibaya kazi yake ipotee pamoja naye.

Makala yakatoka. Mke wake akaja ofisini mbio, jarida mkononi, akilia kwa furaha.

"Ndunge, yuko hai! Ameandika! Yuko wapi?"

Ilibidi nimwambie ni mimi. Profesa hakurudi kamwe, na yale makala sijui kama yalimsaidia mtu yeyote.

Basi andika, kama huwezi kuacha. Lakini usinitumie makala, Mwende. Nipigie simu, hata ukohoe tu nikusikie. Jina lililochapishwa haliniambii kama unapumua.

Susu yako,
Ndunge