Nakala ya Hakimu

Baba,

Wamejibu. Barua imefika leo kutoka ofisi inayopokea malalamiko juu ya mahakimu, miezi minne tangu tulipokuzika Munkunyu, na imeandikwa jina lako. Wanataka ufike mwenyewe uape kwamba ulimwona hakimu shambani. Usipofika, na asipopatikana mwingine aliyeona kwa macho yake, wanafunga faili. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikakukasirikia kwa kufa kwako.

Unakumbuka tulivyoiandika ile yetu? Wewe unamenya mihogo, mimi nimeshika kalamu. Ulitaka nianze na babu alivyopanda miti ya mpaka. Nikakwambia hawataki habari za babu, wanataka jina la hakimu, namba ya kesi, siku, na ulichokiona. Ukanuna, kisha ukasema yote sawasawa: alikuja kabla kesi haijasikilizwa, ndani ya gari la jirani tuliyekuwa tunashtakiana naye, akasimama akitazama watu wa jirani wanang'oa miti ile. Halafu kwenye hukumu akaandika kwamba alifika na hakuona mpaka wowote.

Ningeipeleka posta Kasese siku hiyohiyo, yakaisha. Lakini wewe ulitaka nakala ya pili.

"Barua inamusema yeye," uliniambia. "Lazima asome mbele, wengine nyuma."

Kwako wewe, kumshtaki mtu mzima kwa siri ni utovu wa adabu. Ukavaa koti la kanisani, ukampelekea hakimu mkononi. Alikushukuru, ukarudi umefurahi. Wiki haikuisha, faili ya kesi ikawa haionekani, na karani wa mahakama aliyekuwa upande wetu akasema hatujui sisi wala kesi yetu. Jirani akalima hadi nyuma ya jiko lako. Ukaacha kula. Watu wanasema ni presha. Mimi najua ni nini.

Sasa kuna jambo sikukuambia ukiwa hai. Siku ile miti ilipong'olewa nilikuwa nimekuja kukusaidia kuchuma pamba, nikaanzia upande wa chini, hukujua nimefika. Nilimwona hakimu, Baba. Nilimwona vizuri, hadi viatu vyake. Na bado nikaandika kwa mkono wangu huu kwamba ni wewe peke yako uliyeona. Niliogopa. Mume wangu ni askari, unamjua, na nilipomweleza kule kambini alisema neno moja tu.

"Mama Muhindo, wacha hiyo maneno. Watanitupa kule mbali, Karamoja."

Leo amelisema tena.

Sina matumaini. Shamba limekwenda, wewe umekwenda, na hakimu nasikia anapandishwa cheo. Hata nikiapa, huenda wasimguse. Lakini sitaki faili ifungwe kwa sababu aliyeona amekufa, wakati mimi niko hai na nilikuwa kwenye pamba.

Jumatatu nakwenda kuapa, kwa jina langu. Baba Muhindo hasemi nami.

Pumzika, Baba. Nisamehe nilivyonyamaza. Na nisamehe na hili pia, maana najua halitakupendeza: safari hii hakimu sitampelekea nakala.

Mwanao,
Biira