Ninian wa Keldrum, Aliyevaa Rangi Tatu

Nani anasukuma mlango kwa goti siku hizi, Ninian, mikono imejaa kuni, akiuliza, "Mke wangu, bado upo?"

Mwaka umezunguka leo tangu uanguke kule Poland, na mimi bibi yako, mama wa baba yako, bado nageuza shingo mlango ukilia.

Ulikuwa mtoto wa tatu wa bwana wa Keldrum. Ngome ni urithi wa Archibald, kaka yako mkubwa, Duncan akaingia kanisani, wewe ukapewa upanga wa babu yako na farasi mwenye jicho moja. Ukawapigania Waholanzi, kisha mfalme wa Sweden miaka minane mpaka ukawa kanali, kisha mfalme wa Poland. Archibald alikutania mezani, "Sasa mwaka huu tumwombee mfalme gani?" Ukamjibu, "Yule ambaye supu yake ina nyama, kaka."

Ulijua kutukana kwa lugha nne, lakini kusali ulisali kwa yetu tu. Farasi wako alikula kabla yako. Ulikaa miguuni pangu umenishikia uzi wa sufu kwa mikono miwili, kanali mzima, na mpishi wetu Elspet akicheka mpaka uji unaungua.

Kwa kuwa nguo za majeshi yote zilifanana, kila upande ulijulikana kwa rangi ya mshipi mpana wa begani. Mishipi yako niliifuma mimi. Wa kwanza manjano iliyoiva, wa pili, wa Sweden, buluu. Wa Poland ulikuwa mwekundu. Rangi yake niliichemsha kwa ukoga niliokwangua miambani kwa kijiko. Ulisema unanuka mvua. Ukauvaa hivyo hivyo.

Hector, mwenzako wa vita, ndiye aliyekuja kutuambia. Alishika kofia yake, hakutaka kukaa.

"Bibi, asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito. Alijifunga ule wa buluu. Ni mazoea ya miaka minane, mkono ulikwenda wenyewe. Walinzi wetu wakadhani ni Msweden, adui yetu, wakampiga risasi."

"Hakusema kitu?"

"Alisema, 'Wajinga nyie, ni mimi.' Akacheka kidogo. Basi."

Mwekundu aliurudisha Hector. Bado unanuka mvua.

Kwetu, aliyekwisha kuvuka kizingiti haitwi nyuma. Ukimwita unamharibia safari. Mara zote tatu niliuma midomo. Ile ya mwisho ulisimama langoni, mguu wako wenye kovu ukiuburuza kidogo, ukageuka.

"Umesema kitu, Bibi?"

"Sijasema. Nenda salama."

Wanakukumbuka baba yako, ambaye hataki jina lako litajwe akiwa anakula, maana chakula hakimshuki tena, kaka zako Archibald na Duncan, dada yako Marjory, aliyemwita mwanawe Ninian, Elspet wa jikoni, Hector, na farasi wako, anayegeuza lile jicho moja kila akisikia buti uani. Hutatutoka moyoni siku zote tutakazoishi.

Na mimi leo nimesimama kizingitini. Safari yako imekwisha, hakuna tena cha kuharibu. Uliniuliza kama nimesema kitu. Ndiyo, mume wangu. Usiende. Rudi ndani, uji unapoa.